Ni Marufuku Mtoto Kulala Witiri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi ya Mgeni Rasmi, ambaye kwa kubanwa na majukumu amenikaimisha mimi, Mheshimiwa Naibu wangu, Mheshimiwa Msaidizi wa Naibu wangu, anayenishikia mwavuli, mke wa Msaidizi wa Naibu wangu, aliyekuja kwa sababu gari lilikuwa na nafasi, muuguzi mkuu wa nyumba hii ya kutunzia watoto wagonjwa, majirani wa chama cha hisani, yaani kinyozi, fundi cherehani na wengine ambao sikuambiwa mnafanya kazi gani, wazazi, na ninyi watoto mnaonisikiliza kupitia madirisha mkiwa vitandani, ambao ndio wadau wakuu kuliko wote, na ndiyo maana mmetajwa mwisho: sasa naamini hakuna aliyesahaulika isipokuwa kwa makusudi.

(Makofi. Msaidizi wa Naibu anashindwa kupiga kwa sababu ya mwavuli.)

Ndugu zangu, nyuma yangu, kama mnavyojionea kwa macho yenu, limesimama jengo la wodi mpya ya wazazi na watoto, lenye ghorofa mbili, milango minne na madirisha kumi na mawili, jengo ambalo ofisi yangu imelivalia njuga tangu hatua ya upembuzi yakinifu, tukaja hatua ya mkakati, tukaja warsha ya kuujadili mkakati, ikafuata semina ya kuwajengea uwezo wale waliosinzia kwenye warsha, mpaka leo hii tunapolizindua mbele ya kamera. Naomba walio karibu wasiliegemee.

(Mama mmoja aliyesimama juani, godoro limekunjwa kwapani: "Samahani mheshimiwa, nauliza tu. Tunaingia saa ngapi?")

Mama mwenye godoro, vuta subira. Swali lako ni zuri na limo kwenye hotuba, ila liko mbele kidogo. Sikatai kwamba ni ofisi yangu hii hii iliyotoa waraka wa kupiga marufuku wazazi kulala na watoto wao katika wodi ya zamani, mpaka hapo wodi mpya itakapofunguliwa, na tulifanya hivyo kwa mapenzi makubwa, kwa sababu mzazi akilala sakafuni kati ya vitanda anatuvurugia takwimu: tumhesabu kama mgonjwa, au tumhesabu kama fanicha?

(Mama mwenye godoro: "Binti yangu akishtuka usiku hunitafuta kwa mkono, mheshimiwa. Anapapasa kitanda kizima. Na mimi niko nje getini na mlinzi.")

Hilo la mkono limepokelewa, na litaundiwa kamati ndogo.

(Kicheko kutoka dirisha la wodi ya zamani. Anayecheka ni huyo binti mwenyewe, ambaye wauguzi wanamwita Meneja kwa sababu ndiye anayeamua taa zizimwe lini.)

Niingie sasa kwenye kiini cha mada. Muuguzi mkuu alikuja ofisini kwangu, akakaa kwenye benchi letu la wageni kwa muda mrefu hata wenzangu wakaanza kumpangia zamu, na siku nilipompokea akanieleza kwamba nyumba hii inatoa tiba shufwa.

(Muuguzi mkuu: "Shufaa, mheshimiwa.")

Shufwa, kama anavyosema mwenyewe. Na mimi shule nilipita mlangoni, sikupita dirishani, nakumbuka vizuri mwalimu wa hesabu akitufundisha kwamba namba ziko za aina mbili: kuna shufwa, ambazo unazigawa kwa mbili na hakibaki kitu, kama mbili, nne na sita, na kuna witiri, kama tatu na tano, ambazo ukishazigawa daima anabaki mmoja peke yake, ananing'inia, hana mwenzake. Kwa hiyo nilielewa falsafa ya nyumba hii papo hapo, bila hata ya kusubiri amalize kuongea: hapa watoto wanatibiwa wawili wawili.

(Muuguzi mkuu: "Mheshimiwa, tiba shufaa ni kumtunza mgonjwa asiumie, hata kama ugonjwa wenyewe hauponi. Acheke, ale anachopenda, awe na watu wake.")

Ndiyo, wawili wawili, hatupingani. Basi ofisi yangu ikaingia kazini kwa fremuweki ya stekiholda wote, au kama wanavyosema wataalamu, kimulitisekta. Tulikuta vitanda tisa, tukashtuka sana, tukaagiza kimoja kiondolewe ili vibaki vinane. Muuguzi mkuu akakikalia hicho kimoja mpaka maofisa wangu wakachoka, ndipo tukaamua kwa busara kukihesabu pamoja na meza ya dawa, vikawa kumi. Tulikuta feni moja, tukaahidi kuleta ya pili; ya pili ilipokosekana, tukaichukua ile ya kwanza, kwa kuwa sifuri nayo ni shufwa.

(Naibu anaanzisha makofi. Watoto wanajipepea kwa majalada ya vitabu.)

Na matokeo yanaonekana. Utafiti wetu wa ndani, ulioendeshwa na sisi, ukatuuliza sisi na kujibiwa na sisi, umebaini kwamba kuridhika kwa wadau kumepanda kutoka asilimia arobaini hadi asilimia mia moja na nne, zote shufwa, na kwamba tungefika mia moja na sita kama si changamoto ya wadau wawili kukataa kuridhika. Najua kuna watu wa vijiweni wanaosema ofisi yangu ni maneno matupu. Niwaulize, mmeshawahi kuyapima? Maneno yetu ya robo mwaka tu yalijaza kabati mbili, na kabati ya tatu tukaigawia idara nyingine, kwa sababu mnazozijua.

Nisiwasahau majirani wa chama cha hisani. Nimeambiwa kinyozi huja hapa kila Jumamosi kuwanyoa watoto bure, na wale ambao dawa kali zimewanyonyoa nywele huwapaka mafuta kichwani, huwawekea kioo mbele na kuwauliza leo wanataka mtindo gani. Nimeambiwa fundi cherehani ameshona mashuka yote ya humu ndani kutokana na mapazia ya ukumbi wa harusi uliofungwa, ndiyo maana yana maua makubwa kiasi kile. Nataka ieleweke wazi kwamba haya yote ni mchango wa ofisi yangu, kwa sababu hatukuwazuia.

(Kinyozi: "Mimi mlinizuia. Mliniambia nilete kibali cha wembe.")

Tukakupa hicho kibali?

(Kinyozi: "Mpaka leo bado.")

Na unanyoa?

(Kinyozi: "Nanyoa.")

Basi huo ndio unaoitwa uwezeshaji, ndugu yangu. Umeweza.

(Kicheko kirefu. Upepo unavuma, jengo linatikisika. Naibu analishika.)

Sasa nije kwenye agizo, maana mtu wa hadhi yangu hawezi kufika mahali akaondoka bila kuagiza. Nikimtazama mama mwenye godoro, mimi sioni suala la huruma, huruma haimo kwenye majukumu yangu. Naona kosa la hesabu. Mtoto yuko ndani, mmoja: witiri. Mama yuko getini, mmoja: witiri. Hizo ni witiri mbili ndani ya kiwanja kimoja, tena zinazotafutana kwa mkono, na kati yao kuna ukuta na mlinzi! Huo ni uzembe wa kitakwimu ambao siwezi kuufumbia macho. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, na mengine niliyojiongezea, nakata utepe huu na kutamka kwamba wodi imefunguliwa rasmi, waraka wa zamani umekufa, na kuanzia sasa ni marufuku, narudia, ni marufuku mtoto yeyote wa nyumba hii kulala witiri.

(Anakata utepe. Muuguzi mkuu: "Mheshimiwa, hilo ni agizo au ni ushauri?")

Ni agizo. Mimi ushauri nilishaacha.

(Muuguzi mkuu: "Linaanza lini?")

Nimesema sasa. Kwani nimezungumza kwa mafumbo?

(Muuguzi mkuu anamgeukia mama mwenye godoro na kumwambia taratibu, "Dada, umemsikia." Mama haendi kwenye jengo jipya. Anakata kona, anaelekea mlango wa wodi ya zamani. Mlinzi, ambaye amelisikia agizo kwa masikio yake mawili, anamshikia mlango ili godoro lipite.)

Mnaona wananchi wanavyoitikia maendeleo. Sasa kaulimbiu. Nikisema "shufwa", mjibu "wawili wawili". Shufwa.

(Watu wanne: "Wawili wawili.")

Wanne, nimeridhika. Nikisema "witiri", mjibu "marufuku". Witiri.

(Watoto wote dirishani: "Marufuku." Meneja hayumo kati yao. Ameshuka dirishani, amerudi kitandani.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi wa mabango, aliyelichora jengo hili kwa kasi ambayo hakuna mkandarasi anayeiweza, kwa rangi mbili tu na kwenye turubai moja, akaweka hadi mapazia madirishani, ambayo hayakuwemo kwenye ramani, na ramani nayo haikuwemo popote. Nawashukuru wenye uwanja wa mpira kwa kutuazima milingoti miwili ya goli inayoishikilia wodi, na nawahakikishia itarudi kabla ya mechi. Vijana wa ofisi yangu, mnaweza kuanza kuikunja wodi, mwanzie paani, taratibu na milango isiingie mikunjo, maana kesho inafunguliwa kwingine ikiwa soko na fundi atabadilisha maandishi tu. Mwisho, kwa namna ya pekee kabisa, namshukuru mama mwenye godoro, kwa sababu katika mradi huu mzima, kutoka upembuzi yakinifu mpaka utepe, godoro lake ndilo kifaa pekee kilichowahi kufika. Mama, hebu njoo mbele tupige picha na godoro. Mama mwenye godoro? Jamani, yuko wapi? Mpigieni makofi atokee.

(Hakuna anayepiga. Muuguzi mkuu amesimama kwenye mlango wa wodi ya zamani, kidole mdomoni, akiwaashiria watu wapunguze sauti. Ndani kuna wawili wamelala.)