Wiki Niliyoificha Kompyuta Iliyokufa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Stima imepotea mara tatu kabla ya adhuhuri, na kila ikirudi inarudi kwa kishindo. Wiki jana iliunguza televisheni ya jirani. Nikaingiwa na hofu kwa ajili ya kompyuta yangu, maana ndiyo duka zima. Bila hiyo, mimi Boga wa kuchapa barua na kutoa kopi hapa Msambweni ni mtu aliyekaa kwenye kiti tu.

Nikabuni kinga. Nyuma ya kompyuta kuna swichi ndogo nyekundu imeandikwa 230. Ukiisukuma inaonyesha 115. Nikafikiri: mashine inayokunywa nusu ya umeme itadhurika nusu. Hesabu safi. Nikasukuma, nikawasha.

Mlio kama wa fataki. Moshi mwembamba. Harufu ya waya ulioungua. Kisha kimya.

Nimebandika karatasi mlangoni: HAKUNA STIMA. Tatizo ni kwamba taa za Tsofa, fundi wa simu ng'ambo ya barabara, zinawaka.

Jumanne, 6 Mei

Ndani ya kompyuta hiyo mna kazi ya akina mama wa Bodo wanaopanda mikoko. Wanaomba wakabidhiwe kipande cha msitu wautunze wenyewe, na mwisho wa kupeleka karatasi Kwale ni Ijumaa. Kurasa kumi ni maelezo ya Bi Mbodze, aliyejua kila mkono wa maji unaoingia msituni na nani alipanda wapi. Alikaa dukani kwangu siku mbili akisimulia, mimi nikichapa. Alifariki mwezi wa Ramadhani. Nakala nyingine haipo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mwenyekiti wao, Bi Mwanarusi, kwamba kompyuta haisahau.

Leo amepiga simu. Nimemwambia kazi imekwisha, imebaki kuitoa kwenye karatasi. Si uongo kamili.

Nimefunga mlango nikaanza uchunguzi. Nimechomeka taa kwenye soketi: imewaka. Nimebadilisha kebo: kimya. Basi ugonjwa umo ndani, kwenye lile sanduku la chuma linalogawa umeme, ambalo mafundi huliita pawasaplai. Video kwenye simu imenifundisha kulitoa, kulichomeka peke yake, na kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi. Feni ikizunguka, lina uhai. Nimevaa viatu vya mpira, nimesimama juu ya ubao, nimesema bismillahi.

Feni haikuzunguka. Nimekishuku kibanio. Nimejaribu vibanio saba.

Jumatano, 7 Mei

Mpango: kupata ujuzi wa Tsofa bila Tsofa kujua. Simpendi. Alikuja kutoka Samburu mwaka juzi, haongei sana, na watu humwuliza hata mambo ya printa, ambayo ni yangu.

Nikamwambia nina rafiki huko Mwabungo, kompyuta yake imezimika.

"Ilitoa mlio?" akauliza.

"Anasema ilitoa."

"Hakugusa swichi nyekundu huko nyuma? Ikiwekwa 115 kwa stima yetu ya 230, inaunguza."

Nikasema rafiki yangu ni mtu mzima. Tsofa akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, kisha akarudi kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

"Mwambie asilifungue lile sanduku," akasema. "Hata likichomolewa, ndani hubaki umeme wa kumwangusha mtu. Na asihofu. Mara nyingi hufa sanduku tu, diski yenye kazi ikabaki nzima. Ailete, nitaisoma kwenye laptopu yangu. Nusu saa."

Nusu saa! Lakini nikiivusha barabara, Msambweni yote itajua. Nikasema rafiki yangu ana aibu sana. Tsofa akasema pole.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetoka na alfajiri kwenda Ukunda kutafuta sanduku jingine. Nimelipata, limetumika, muuzaji amelijaribu mbele yangu na feni imezunguka. Nimerudi nimelikumbatia kama mtoto. Nimelifunga, nimekaza skrubu, nimenyoosha kidole kubonyeza.

Stima ikapotea Msambweni nzima. Karatasi yangu mlangoni imekuwa kweli siku ya nne, na hakuna anayeiamini tena.

Alasiri akaingia Bi Mwanarusi, siku moja kabla ya siku ya mwisho. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Boga, mwanangu, kompyuta yako imekufa tangu Jumatatu. Mpwa wangu anauza viazi hapo nje. Mlio aliusikia."

Nikaanza kueleza habari ya stima. Akainua mkono.

"Nakuuliza jambo moja tu. Maneno ya Mbodze yako wapi?"

Nikamweleza yote: swichi, vibanio, rafiki wa Mwabungo. Nikamwambia sijui kama yapo. Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza, na hapo ndipo macho yangu yalipojaa machozi. Akavua leso ya pili, ile ya kujitanda, akaizungushia kompyuta, akaniambia nishike upande wangu.

Tukavuka barabara, watu wakitazama.

Tsofa hakuuliza habari za rafiki yangu. Akaitoa diski, akaiunganisha na laptopu yake iliyokuwa ikitumia betri. Nilihesabu vidole vyangu mara nyingi. Kisha faili likafunguka. Bi Mwanarusi hasomi vizuri bila miwani, akamwomba Tsofa amsomee kidogo. Akasoma: "Mkono ule wa maji ulio nyuma ya kwa Kahaso, miche ya kwanza niliipanda na mamangu, na mingi ilikufa, tukarudia." Bi Mwanarusi akafunga macho. "Ni yeye," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akisema."

Tsofa akainakili kazi kwenye flashi mbili. Moja ameifunga Bi Mwanarusi kwenye pindo la leso.

Ijumaa, 9 Mei

Stima imerudi alfajiri. Diski imerudi mahali pake, swichi iko 230, Tsofa ameitazama mwenyewe. Kompyuta imewaka. Karatasi zimetoka, zimefika Kwale, zimepokewa. Bi Mwanarusi amepiga simu kuniombea dua, na sijui kama naistahili.

Tsofa ameniazima UPS, ile betri nzito ya kuishikilia kompyuta stima ikipotea. Akasema ni ya kompyuta na skrini tu, ya kunipa dakika chache nihifadhi kazi na kuzima taratibu. Akasema pia kila kazi niweke nakala mahali pengine. Nimekubali yote kwa moyo safi.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeichunguza UPS kwa utulivu. Ina matundu sita. Kompyuta na skrini ni mawili. Manne yamekaa bure, na mimi sipendi ubadhirifu. Kama Tsofa angekuwa mtu wa biashara angeliona hili.

Nimemwambia Sharif wa chai kwamba kuanzia leo birika lake kubwa la umeme halitapoa, stima iwepo isiwepo. Amelileta. Mwenye friji ya samaki pia amekuja, na waya wake mrefu. Wote wamenishukuru.

Sasa hivi stima imepotea. Ninachapa orodha ya wanafunzi wa madrasa, majina mia mbili na kumi, nitahifadhi nikimaliza. UPS imeanza kulia, tii, tii, tii, kwa haraka. Sharif ameniuliza kama ni kawaida.

Nimemwambia ndivyo inavyolia ikiwa imeshiba.