Maktaba Iliyosubiri Mkasi

Kwa furaha isiyo kifani, chuo kiliutangazia umma kwamba maktaba ya sayansi ilikuwa imeboreshwa kwa asilimia mia moja, na kwa sababu hiyo ilikuwa imefungwa.

Hapakuwa na ubishi kwamba imependeza. Viti mia mbili na arobaini vilikuwa vipya, kila kimoja bado kimo ndani ya nailoni yake. Kila meza ilikuwa na soketi ya kompyuta. Viyoyozi vilitulia ukutani, na vyoo vinane vyenye vigae vyeupe vilingojea mtu wa kwanza. Mlangoni ulipitishwa utepe mwekundu, na kando yake akawekwa mlinzi mwenye karatasi mkononi: Mwongozo wa Muda wa Kulinda Maboresho. Karatasi ilisema kwamba hakuna mtu, awe nani, atakayeingia wala kutumia huduma yoyote mpaka mgeni rasmi azindue.

Mgeni rasmi alikuwa Naibu Waziri, na alikuwa ameshaahirisha mara tatu.

Aliyebuni Mwongozo ni Mkurugenzi wa Uboreshaji, ambaye wanafunzi walimwita Mchakato, kwa kuwa kwake hata chai haikunywewa bila mchakato. Mkutubi, mama aliyezipanga rafu zile kwa miaka kumi na tisa, alimwendea kila asubuhi, na kila asubuhi alirudi na majibu mazuri.

"Mkurugenzi, mitihani ni baada ya siku tisa. Watoto hawana pa kusomea."

"Suala hilo liko kwenye mchakato. Tumeshaunda Kamati Ndogo ya Kuratibu Kiu ya Kusoma."

"Basi niwatolee vitabu dirishani tu."

"Dirisha ni sehemu ya jengo, mama." Akafungua faili lake, uso mkavu. "Na hebu angalia matokeo. Tangu tuboreshe, hakuna kitabu kilichopotea. Hakuna kiti kilichovunjika. Malalamiko ya kelele ni sifuri. Lini maktaba hii iliwahi kufanya kazi vizuri hivi?"

Mkutubi akarudi zake, kwa sababu takwimu zilikuwa sahihi.

Nje, wanafunzi walikuwa wamejiokotea viti vya zamani vilivyotupwa nyuma ya jengo, wakavipanga kivulini. Mchakato akaamuru viondolewe, eti vinaharibu mandhari ya uzinduzi. Wakakaa chini. Mmoja wao, binti wa famasia wa mwaka wa mwisho, alikuwa akirudia somo moja kwa mara ya pili na ya mwisho. Akifeli tena, anafungasha virago. Kitabu alichokihitaji kilikuwa na nakala moja tu chuo kizima, na kutoka alipokaa aliweza kukiona kupitia kioo.

"Mama, kile pale cha kijani," alimwambia mkutubi. "Nasoma hadi jina lake."

"Nakiona, mwanangu." Mkutubi aliona aibu, kisha akaona hasira, na hasira ndiyo iliyobaki.

Siku nne kabla ya mitihani, Naibu Waziri akaja kweli, akiwa amechelewa saa tatu tu. Hema lilikuwa tanuri, na mheshimiwa alimaliza chupa tatu za maji wakati bado wanatambulishana. Mkutubi alipewa heshima ya kushika sinia lenye mkasi. Wanafunzi walipangwa nyuma ya kamba, na mabegi yao, ili wapige makofi watakapoambiwa.

Katikati ya hotuba ya pili, mheshimiwa akamwinamia Mchakato. "Msalani ni wapi?"

Mchakato alijaa fahari. "Ndani, mheshimiwa! Vyoo vinane, vya kisasa kabisa. Utavizindua wewe mwenyewe kwenye kipengele cha kumi na saba."

"Sasa tuko cha ngapi?"

"Cha tano."

"Na vile vya zamani?"

"Tulivibomoa kupisha maboresho."

Mheshimiwa aliinuka, akaelekea mlangoni kwa hatua fupi fupi. Mlinzi akapiga saluti, kisha akasimama kati yake na utepe.

"Samahani, mkuu. Mpaka pazinduliwe."

"Wewe! Unajua mimi ni nani?"

"Najua, mkuu. Ila hapa pameandikwa 'awe nani'." Akamwonyesha kwa kidole. "Na hii ndiyo sahihi ya Mkurugenzi."

Mheshimiwa alimtupia Mkurugenzi jicho ambalo halikuwemo kwenye ratiba. "Mkasi!"

Mkutubi akasogea na sinia, taratibu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kushika kitu ambacho wakubwa walikitaka upesi.

"Mheshimiwa, ukikata, maktaba itakuwa imezinduliwa rasmi?"

"Itakuwa imezinduliwa!"

"Yote? Na viti, na vitabu?"

"Yote, mama, yote! Lete huo mkasi!"

Hema zima lilisikia. Akakata bila hotuba, mpiga picha akiwa bado anabadilisha betri, akatokomea ndani. Wanafunzi wakaruka kamba na kuingia nyuma yake. Wahadhiri wakafuata viyoyozi. Binti wa famasia hakutafuta kiti kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitabu cha kijani, akakikumbatia.

Naibu Waziri alipotoka, akikung'uta mikono, alikuta viti vyote vimejaa na nailoni zimetapakaa sakafuni. Mchakato aliingia na kipaza sauti ili ratiba iendelee.

"Ndugu wanafunzi..."

"Shhh!" ikamjibu midomo mia mbili na arobaini.

"Watoe hawa!" alimwambia mkutubi. Hata yeye alinong'ona.

"Mwongozo wako ulikuwa wa mpaka uzinduzi, Mkurugenzi. Umekwisha. Kama mnataka kukaa, foleni ndiyo ile, nyuma ya yule kijana wa mwaka wa kwanza."

Hotuba ilikuwa ya kurasa ishirini na mbili, na hotuba ya kiongozi hairudi nyumbani bila kusomwa. Wakarudi hemani. Mheshimiwa akaanza kuvisomea viti vitupu, na Mchakato akapiga makofi kila mwisho wa ukurasa, peke yake, kwa niaba ya umma. Walikuwa wamefika ukurasa wa nne, unaoeleza umuhimu wa maktaba, mlinzi alipotoka na kupiga saluti.

"Samahani, mkuu. Mkutubi anaomba uzime kipaza sauti. Watu wanasoma."

Mheshimiwa akakizima.