Boriti za Bombo na Mzigo wa Serikali

Ifahamike kwa wote, wa milimani na wa tambarare, kwamba Serikali ya Mwingereza imeunda Kamati ya Kupima Uimara wa Boriti Zilizokwisha Kutumika. Ilikuwa habari njema, maana boriti kuukuu zilikuwa zikiishi bila usimamizi.

Fundi Sefania wa Bombo alikuwa nazo kumi na mbili, za mkulo, ule mti mgumu wa milimani, alizozing'oa kwenye ghala bovu la enzi za Mdachi. Alizigonga moja moja kwa nyundo, akasikiliza. Zilizolia vizuri ndizo hizo kumi na mbili, zilizobaki alimpa mkewe Eliwaza akapikia makande. Zahanati ya kijiji haikuwa na paa, na boriti hizo ndizo zingelibeba. Akina mama waliojifungua walilala chini ya turubai, na vuli ilikwisha kunguruma kule mlimani Shengena. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka msaragambo, kazi ya pamoja, watu wameshika kamba na ngazi, wanangoja ruhusa ya Kamati tu.

"Kugonga si kipimo," akasema Bwana Mkaguzi, aliyepanda kutoka Same na karani wake Hezroni na wajumbe wawili wa Kamati. "Kanuni inataka boriti ibebe mzigo kutwa nzima."

"Mawe tunayo, Bwana."

"Hayana nembo. Mzigo sharti uwe wa Serikali."

Sefania alitamani kulia. Mvua ile ingengoja nembo? Kisha akaziona kofia zao, kila moja na nembo ya Serikali.

"Bwana, hapa Bombo vyenye nembo ni nyinyi wanne tu."

Bwana Mkaguzi alifurahi. Hakuna aliyewahi kuutambua uzito wake namna ile. Boriti moja ikawekwa juu ya mawe mawili, wakapanda, wakaketi. Jua nalo likapanda.

"Bwana, nishuke nijisaidie?" Hezroni akauliza saa sita.

"Mzigo haujisaidii, Hezroni!"

Eliwaza akaleta uji.

"Pole mwanangu, kunywa kidogo."

"Asante mama, lakini mzigo haunywi," Hezroni akajibu kwa uchungu.

Jioni boriti haikuwa imepinda hata kidogo. Bwana Mkaguzi ndiye aliyepinda. Alipokumbushwa kuwa bado kumi na moja, aliomba nyundo, akazigonga zote mbiombio, akapiga mihuri. Keshokutwa yake paa lilisimama, na mvua iliponyesha watoto walilala wakavu. Sefania alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Ikabaki fomu. Swali la mwisho liliuliza: "Je, mzigo ulipokuwa juu ya boriti, kuna kazi yoyote ya Serikali iliyosimama?"

Hezroni, kijana mkweli, aliandika: "Hakuna."

Wakubwa wa Same waliisoma mara mbili, kisha wakaifuta Kamati.