Kitenge kipya nusura kinikate mguu

Leo nimeaibika, na nimeaibika kwa miguu yote miwili. Naandika haraka kwa sababu Papa Deo, mume wangu, ameshawatumia nyote ujumbe kwamba mama anakatwa mguu. Mguu upo. Nimeuweka juu ya kiti, nautazama kama mtoto mchanga.

Ilikuwa sikukuu ya parokia yetu hapa mtaani Hewa Bora, na sisi akina mama tulishonesha sare ya kitenge cha bluu. Fundi alizileta jana jioni (mafundi mnawajua), kwa hiyo hakuna aliyewahi kuloweka yake kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike. Tukavaa hivyo hivyo. Kwenye maandamano mvua ikatukuta, sketi zikalowa, viatu vikajaa maji. Tukaendelea kuimba.

Mnajua nina sukari. Kaka yangu naye alikuwa nayo. Alipuuza kidonda kidogo cha kidole gumba, wakaishia kumkata mguu chini ya goti. Tangu hapo, kila nikirudi nyumbani navua viatu, naangalia miguu, na kwa kioo kidogo naangalia nyayo, maana ganzi imeshaanza na hata nikijichoma sisikii. Rais wetu wa akina mama, Mama Beatrice, naye ana sukari, na hunicheka kila siku. "Miguu iko ya kutembea, mama. Haiko ya kuangalia."

Basi leo nimerudi, umeme hakuna, nikakaa kitandani, nikavua kiatu cha kushoto. Vidole vya mguu wa kushoto vyote vyeusi. Nikavibonyeza, sikusikia kitu. Niliogopa, sitawaficha. Nikavifuta kwa pindo la kitenge nilichovaa. Weusi ukazidi. (Hapo akili ingenisaidia, lakini haikuwepo nyumbani.)

"Papa Deo, kuya uone. Vidole bilishakufa."

Akaja na tochi ya simu, akamulika, akakaa chini. "Ee Mungu. Njo vile mguu ya shemeji ilianzaka."

Akapiga simu kwa watu wote anaowajua, kisha akaita teksi. Njia nzima nilikuwa nawaza kiatu cha kushoto nitampa nani.

Kufika zahanati, akina mama wameshatutangulia, bado wamevaa sare zao zilizolowa. Wakapanga mstari kwenye korido na kuanza wimbo. Niliutambua. Ni ule tunaouimba msibani.

Muuguzi, dada mmoja mpole, akaniweka kitandani, mlango wazi. Akachukua pamba, akaitia spiriti, akafuta kidole gumba. Pamba ikawa bluu. Akafuta cha pili. Pamba bluu, kidole kikarudi rangi yake ya kuzaliwa. Akaitazama pamba, akaitazama sketi yangu.

"Mama, hii haiko gangrène, haiko kuoza. Iko couleur, rangi ya hii kikwembe yako."

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Kwenye korido ikabaki sauti ya Papa Deo peke yake, anamwambia kwa simu binti yetu wa Kolwezi apande basi upesi. Nilitamani ardhi ipasuke. Na papo hapo nilitaka kumkumbatia yule muuguzi, kwa furaha.

Mama Beatrice alicheka mpaka akashika ukuta. "Couleur! Bamama, tumeombea couleur!"

Muuguzi akamgeukia. "Na weye, mama, uko na sukari?"

"Niko nayo. Lakini siko naumwa kitu."

"Njo sababu ya ile. Vua viatu."

Akavua huku anacheka. Miguu bluu kama yangu, na akina mama wote wakainama kuangalia yao, bluu tupu. Muuguzi akafuta. Bluu ikatoka, lakini kwenye kisigino ikabaki nyekundu ya damu. Akachukua kiatu cha mguu ule, akaingiza kidole taratibu. Msumari ulikuwa umetoboa soli. Mama Beatrice alikuwa ameutembelea maandamano yote, ameimba juu yake, amecheka juu yake, bila kusikia chochote.

Kicheko kikamwishia. Akaniangalia mimi, si muuguzi.

"Umekuya mapema," muuguzi akamwambia, anasafisha kidonda. "Iko kadogo, itapona. Lakini kesho urudie niangalie tena."

Tumerudi wote kwa teksi moja. Mama Beatrice kisigino kimefungwa bandeji, kiatu chenye msumari amekipakata mapajani. Tulipofika kwake akanishika mkono. "Ile kioo yako," akasema, "ulinunuaka wapi?"

Binti yangu, shuka kwenye basi. Na nyinyi wengine mkitaka kucheka, chekeni. Ila vueni viatu kwanza.