Imebaki Karatasi Tu

Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Leo nimekuwa tajiri. Imebaki karatasi tu. Abdiqani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Machakos, anataka malori ishirini ya changarawe. Mimi ninayo! Shamba langu hapa Kathiani linateremka hadi mtoni, na ukingo wote ni changarawe. Nimeshachimba mafungu manne ya kuonyesha. Lakini Abdiqani hatumi lori bila kibali. Anasema lori lake liliwahi kulala polisi siku tisa. Mwoga.

Mke wangu Mutanu naye amenuna. Anasema tangu nianze kuchimba, kisima chake cha mchangani kimekauka, na sasa anateka maji kwa Kaloki, ng'ambo ya kilima. Nimemwambia matajiri hunywa maji ya chupa. Hakucheka.

Jumanne, 14 Oktoba

Ofisi ya mazingira. Afisa anaitwa Wagaki, mpole wa sauti, mkali wa maswali. Anataka ripoti ya mtaalamu, kipimo cha umbali kutoka mtoni, na sahihi za majirani ishirini wanaokubali nichimbe. Ishirini! Sidhani kama wawili wanakubali nipumue. Mwongeli, mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha kina mama cha kusaidiana shambani, ametangaza mbele ya kanisa zima kwamba atakayegusa ukingo amemgusa yeye.

Nimewaza njia nzima. Halafu nikapata. Mwethya wenyewe! Kila Alhamisi kina mama wanafanya kazi kwa mmoja wao, wiki ijayo kwa mwingine, na kabla ya jembe la kwanza kila mtu anatia sahihi, ili mwenyeji ajue anadaiwa siku ngapi. Sahihi zinakuja kwa miguu yake!

Jioni nimemwendea Mwongeli. Nimesema nimetubu, naomba mwethya wa kuzuia mmomonyoko. Alinitazama weee. Kisha akasema, "Sawa, Baba Ndinda. Lakini chakula iwe ya kutosha."

Alhamisi, 16 Oktoba

Wamekuja ishirini na wawili. Nikawapa karatasi mpya, juu nimeacha nafasi. Wakatia sahihi wote, na nambari za vitambulisho. Nikamwachia Mutanu sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, nikasema nakimbilia sukari mjini.

Kwenye foleni ya ofisi nikajaza ile nafasi: "Sisi majirani tunakubali Justus achimbe changarawe." Mwandiko wa kupendeza. Wagaki akapokea, akasema ripoti na kipimo baadaye, kwanza atakuja kupaona. Nikapitia kwa Abdiqani, nikamwambia awashe lori. Akasema anataka kuona kibali. Mtu asiye na imani.

Nikarudi saa kumi na moja. Ole wangu! Nilidhani watakwangua nyasi kidogo, waimbe, wale, waende. Kumbe wamefanya kazi! Mafungu yangu yote manne yametiwa kwenye magunia, na magunia yamepangwa kuwa ukuta, yakaziba korongo nililolichimba mwenyewe. Wamepanda hadi mkonge. Mwongeli akanisifu kwamba changarawe yangu ni nzuri sana, haikubaki hata kiganja. Na sukari nilisahau.

Jumatano, 22 Oktoba

Wagaki amekuja. Niliomba asimkute mtu. Wapi! Mutanu alikuwa amewaita kina mama wote, eti mgeni aone ukuta. Wagaki akatoa karatasi akaisoma kwa sauti. Mimi nikawa naangalia mto.

Mwongeli akasema, "Hiyo sahihi ni yetu. Hiyo maneno ya juu si yetu."

Wagaki akasema kibali hakuna. Hapo ni karibu mno na maji, hata ningeleta sahihi za Machakos nzima. Tena kughushi ni kesi. Nilijiona nimelala pale lori la Abdiqani lilipolala.

Aliyeniokoa ni Mwongeli! "Huyu ni mtu wetu, madam. Wachana na polisi. Atalipa na jembe." Yaani siku ishirini na mbili, shamba baada ya shamba, si Alhamisi tu. Na lazima nilipe, kwa maana asiyerudisha mwethya, siku ya msiba wake hakuna anayekuja kuchimba kaburi. Halafu wakanichagua mlinzi wa ukuta, ili wanione kila siku. Wagaki akaandika barua: mtu asitoe kitu hapo bila sahihi ya mlinzi, kisha maombi yapelekwe ofisini. Nimeaibika. Sitarudia kamwe.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua imenyesha siku tatu na ukuta umesimama imara! Leo Mutanu amefukua mchanga kwa mikono, hatua chache tu kutoka jikoni, na maji yakaja. Alikuwa anaimba. Kikombe cha kwanza akanipa mimi. "Kunywa, tajiri." Nakiri machozi yalinilenga. Mgongo unauma, nimelipa siku saba, lakini sijawahi kunywa maji matamu hivyo.

Nilipoinama kuongeza kikombe cha pili ndipo nikaona. Nyuma ya ukuta kumejaa mchanga. Safi, mweupe, tele! Nimempigia Abdiqani. Anasema mchanga unatafutwa kuliko changarawe, ila kibali kwanza.

Nimeisoma tena barua ya Wagaki, polepole. Kisha nikamwandikia mlinzi wa ukuta kumwomba lori kumi tu, Mutanu hata hatajua. Mlinzi amekubali papo hapo. Ni mtu wa maendeleo sana.

Zimebaki sahihi za majirani. Bahati nzuri Alhamisi kuna mwethya.