Rubani Mmoja, Wachumba Wengi

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimekuwa mwandishi. Mwalimu wa Kiswahili alisoma mbele ya darasa sura ya kwanza ya riwaya yangu, ile ambayo rubani kijana anatua kwa dharura kwenye uwanja wa mpira. Darasa zima lilinyamaza, hata wale wa nyuma. Mwalimu akasema sura ya mwisho ataisoma Ijumaa kwenye mkutano wa shule nzima, na ikipendwa, riwaya itatiwa jalada na kuwekwa maktabani. Maktabani! Kiranja wetu, ambaye hutunga mashairi kuhusu usafi wa choo, alinipa hongera kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Nimeanza mazoezi ya kutia sahihi.

Jumanne, 4 Machi
Umaarufu una kazi. Jirani yangu wa dawati ameomba awemo katika riwaya, aolewe na rubani. Nikakubali; ni rafiki. Wakati wa mapumziko akaja Twiga, msichana mrefu kuliko sote, akaniuliza yeye ana kasoro gani hata asiolewe na rubani. Sikuona kasoro. Akanifagilia zamu yangu. Baada yake wakaja wengine. Kila mmoja nilimnong'oneza kwamba bibi harusi ni yeye, ila asimwambie mtu. Hata mpishi wa shule aliniita dirishani. Alisema, mwanangu, kuolewa nimeshaolewa na yaliyomo nimeyaona, mimi nifanye daktari. Nimemfanya daktari bingwa. Nikapata upawa wa pili wa maharagwe.

Jumatano, 5 Machi
Siri zinatunzwa vizuri; kila ninakopita nakonyezwa. Tatizo ni dogo tu: rubani ni mmoja. Nilimweleza dada yangu mkubwa tukiwa tunakunja nguo. Alicheka hadi akazikalia zilizopigwa pasi. Alisema, mdogo wangu, mshika mawili moja humponyoka, sasa wewe umeshika kundi zima. Akanishauri niwaombe radhi wote kabla ya Ijumaa. Dada hajawahi kuandika hata barua. Nitatumia akili yangu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Njia imepatikana. Rubani atakufa asubuhi ya harusi, kabla bibi harusi hajatajwa. Asipooa, hakuna aliyedanganywa. Nimekiandika kifo chake vizuri mno hadi nikalia, machozi yakafuta mstari, nikauandika upya. Daktari bingwa anahangaika, lakini wapi. Mama alipita akauliza nani kafa. Nikasema rubani. Akasema poleni sana, ila vyombo bado vinakungoja.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu alisoma kwa ustadi. Lawama si yake. Rubani alipokata roho, Twiga alisimama katikati ya mkutano, akasema huyo alikuwa mume wake. Jirani yangu wa dawati akamwambia akome, mume wa nani? Wa tatu akauliza kwani wanamzungumzia mume yupi. Kisha wakageuka wote, wakanitazama mimi. Shule nzima ikaangua kicheko, na ile haikuwa sehemu ya kuchekesha.

Mwalimu alizikunja karatasi zangu. Alisema hadithi inayomwahidi kila mtu haimtimizii yeyote. Akamwita Kiranja, naye akasoma shairi lake la choo. Walipiga makofi hadi viganja vikauma. Litawekwa maktabani. Mchana mpishi alinimiminia mchuzi mtupu. Alisema yeye ni daktari asiyejua kazi, anaogopa kunishibisha asije akaniua.

Jumapili, 9 Machi
Nimekaa chumbani nikatafakari kwa makini, na kosa nimeliona. Rubani alikuwa mmoja. Mwandishi makini hawezi kuitegemeza riwaya nzima juu ya mwanamume mmoja. Riwaya mpya ina kikosi kizima cha zimamoto, wote vijana, na hakuna aliyeoa. Hii lazima ifike maktabani.

Nilikwenda kwa jirani yangu wa dawati kumweleza. Alininunia kidogo, kisha akauliza mkuu wa kikosi anafananaje. Nikamwahidi huyohuyo mkuu. Njiani kurudi nikakutana na Twiga, ametumwa sabuni. Nikamwambia achague yeyote kikosini. Akasema hataki wadogo wadogo, anamtaka mkuu.

Nimemwambia ni wake. Ila asimwambie mtu.