Mfalme wa Kerry na Kiti cha Karibu na Moto

Jumatano, 2 Aprili
Siku tatu kabla ya mbio kubwa za farasi. Liverpool nzima imepata kichaa. Mwaka mzima hakuna anayejua farasi anakula nini. Wiki hii hata kinyozi ni mtaalamu. Kesho klabuni tunachota majina ya farasi kwenye kofia. Atakayepata mshindi anakalia kiti cha karibu na moto mwaka mzima. Shemeji yangu Ged amekishika miaka miwili. Ameweka na mto wake! Mwaka huu, hapana. Nimejitolea kuandika vikaratasi. Kile cha Mfalme wa Kerry, farasi anayepigiwa upatu na magazeti yote, nimekitia kwenye friza. Kesho mkono wangu utatafuta kilicho baridi. Mke wangu Beryl ameuliza nafanya nini kwenye njegere zake. Nimesema utafiti.

Alhamisi, 3 Aprili
Balaa. Kikaratasi nilikibeba ndani ya chupa ya chai niliyoijaza barafu, barafu ikayeyuka, nikakitumbukiza kofiani kikiwa chapachapa. Kikalowesha vingine vitatu. Wino wote ukatoka. Katibu wetu, Bi Noreen, akaviandika upya kwa mkono wake, akaamuru Ged aanze. Ged akamchota Mfalme! Beryl akapata Kofia ya Kijani. Mimi, Chai Baridi. Ana miaka kumi na mitatu. Ged akaniuliza, mbele ya watu, kama huyo farasi wangu anakuja kukimbia au kuchukua pensheni.

Ijumaa, 4 Aprili
Mpango mpya. Nimemnong'oneza kinyozi, siri kabisa, kwamba Mfalme anakohoa. Kufikia saa sita mchana mtaa mzima unajua. Ged amepauka, anatafuta wa kubadilishana naye. Nikavaa koti kwenda kumsaidia. Nimechelewa! Ameshabadilishana na Beryl. Nikamwomba Beryl tubadilishane sisi. Akasema amesikia maskini anakohoa, na yeye si mtu wa kumtupa mnyama mgonjwa.

Jumamosi, 5 Aprili
Klabu imejaa, macho yote kwenye televisheni. Kofia ya Kijani akaanguka kwenye kiunzi cha kwanza cha kuruka. Akainuka salama, yeye na mpandaji wake. Ged hakuinuka. Chai Baridi akawa anaruka kama mtu anayevuka dimbwi na viatu vipya, polepole, bila kugusa kitu. Wengine wakaanguka, wengine wakagoma kuruka. Kiunzi cha mwisho, nani yuko mbele? Chai Baridi! Nilikuwa juu ya meza. Hata Ged alipiga kelele, "Twende, mzee! Twende, baba!" Machozi yalimtoka. Ndiyo maana tunarudi kila Aprili: kwa dakika kumi, mzee yeyote anaweza kuwa mshindi.

Halafu ule mwendo mrefu wa mwisho. Mfalme wa Kerry akampita hatua tatu kabla ya mstari. Hakukohoa hata mara moja.

Jumapili, 6 Aprili
Beryl yuko karibu na moto, anafuma. Mimi na Ged tuko kwenye benchi la mlango wa choo. Ged anasema hatasikiliza tena uvumi maisha yake yote. Nimemwonea huruma. Watu wengine hudanganyika kirahisi mno.

Bahati nzuri, chooni nimekutana na bwana mmoja kutoka mtaa wa Bootle anayeuza robo ya farasi. Atashinda mwakani, uhakika. Beryl asijue. Picha ya farasi huyo inaonyesha kichwa tu. Kichwa kizuri sana. Miguu, anasema, nitaiona nikishalipa.